Dirisha la paa la gari likivunjika na kipuri hakipatikani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KUVUNJIKA kwa kifuniko kidogo cha plastiki juu ya paa la gari ni jambo ambalo wenye magari wengi hulipuuza, hasa wakati wa kiangazi. Uzito wake hujulikana usiku ule mvua ya kwanza ya masika inapoanza kunyesha na maji kudondokea juu ya godoro, jiko na nyaya za umeme.

Katika eneo la Magogoni, jijini Dar es Salaam, magari yenye madirisha ya aina hiyo si mageni. Miongoni mwa magari yanayosubiri pantoni ya kwenda Kigamboni huonekana magari ya kulala, ambayo wengine huyaita magari-nyumba, ya wasafiri wanaokatiza bara la Afrika na kwenda kupumzika katika fukwe za upande wa pili.

Mbali na hayo, yapo mabasi madogo kama Toyota Coaster na Nissan Civilian, ambayo baadhi yake yana vifuniko vya hewa juu ya paa, magari ya watalii yanayofunguka juu, na magari yaliyogeuzwa kuwa zahanati, ofisi au maduka yanayotembea.

Magari yote hayo yana shida moja. Paa lake limetobolewa kwa makusudi, na tundu hilo linalindwa na kifuniko ambacho kikivunjika, mara nyingi hakipatikani katika maduka ya vipuri ya Kariakoo wala Ilala.

Hata hivyo, kukosekana kwa kipuri si mwisho wa safari. Vifaa vinavyohitajika kwa kazi hiyo vinapatikana mjini, na mafundi wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni ufahamu wa nini kifanywe, kwa gundi gani, na tundu lipi lisizibwe kamwe.

Kwa nini kipuri hakipatikani

Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka Japani, nchi ambayo nayo huendesha magari upande wa kushoto. Maduka ya vipuri hufuata wingi wa magari, hivyo injini, breki na taa za magari ya Kijapani hupatikana kwa urahisi.

Madirisha ya paa ya magari ya kulala hayamo katika mkondo huo. Hayatengenezwi na kiwanda cha gari bali na kampuni maalumu, zikiwamo Dometic ya Sweden na Fiamma ya Italia, na huuzwa zaidi katika nchi ambako magari hayo ni mengi.

Aidha, vipimo hutofautiana. Katika magari mengi ya Ulaya tundu la kawaida ni la milimita 400 kwa 400, na lipo dogo la milimita 280 kwa 280 pamoja na kubwa la milimita 700 kwa 500. Katika magari ya Amerika ya Kaskazini kipimo cha kawaida ni inchi 14 kwa 14, yaani takriban milimita 356.

Tofauti hiyo ya milimita 44 inatosha kabisa kufanya kifuniko kilichosafirishwa kwa ndege kutoka mbali kisifae hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, anayeagiza kipuri anapaswa kupima kwanza tundu la paa lenyewe, si kifuniko. Kampuni tofauti hutengeneza madirisha yanayoingia katika tundu la kipimo kimoja. Pengine kifuniko cha gari husika kimekwisha kuacha kutengenezwa, lakini dirisha zima la kampuni nyingine likaingia pale pale.

Vipimo vingine vinavyohitajika ni unene wa paa, upana wa ukingo uliolala juu ya paa, na nafasi kati ya bawaba. Vyote viandikwe kwa milimita, na picha zipigwe kabla chochote hakijabanduliwa.

Jua ni adui wa kwanza

Vifuniko vingi vya magari ya kulala hutengenezwa kwa akriliki, plastiki angavu ambayo wengi huifahamu kwa jina la kibiashara la Perspex, au kwa polikaboneti. Vingine ni vya plastiki nyeupe isiyopitisha taswira, na vya magari ya watalii mara nyingi ni vya faiba au bati.

Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na paa la gari ndilo linalopokea mionzi hiyo kwa ukamilifu wake.

Mionzi ya urujuanimno huidhoofisha plastiki taratibu. Kwanza hupoteza mng'aro, kisha hugeuka njano, na mwisho huota nyufa nyembamba kama nywele. Kifuniko kilichofika hapo huvunjika kwa sababu ndogo tu: tawi la mwembe, upepo wa lori linalopishana nalo barabarani, au mkono wa mtu anayekifunga kwa nguvu.

Hewa ya chumvi ya Magogoni na Kigamboni huongeza adha nyingine. Skrubu za chuma cha kawaida huliwa na kutu, hutanuka ndani ya tundu zake na kuipasua plastiki inayozizunguka.

Kwa mantiki hiyo, kifuniko kikivunjika baada ya miaka mingi, fundi asitazame kipande kilichovunjika peke yake. Akikunja kidogo sehemu iliyobaki na ikatoa mlio wa kukatika, hiyo ni ishara kwamba plastiki yote imechoka na kuunganisha ni kupoteza muda.

Saa 24 za mwanzo

Jambo la kwanza ni kuzuia maji na kuhakikisha kwamba vipande vilivyolegea haviruki barabarani. Kipande cha kifuniko kinachong'oka gari likiwa kwenye mwendo kinaweza kumjeruhi mwendesha pikipiki aliye nyuma.

Vipande vyote vikusanywe na kuhifadhiwa, hata kama havitaungwa, kwani ndivyo vitakavyomwonyesha fundi umbo, unene na mahali pa bawaba.

Turubai na utepe wa kunata vinafaa kwa usiku mmoja gari likiwa limeegeshwa. Kwa gari linalosafiri, njia iliyo imara zaidi ni ya ubao, mpira na boliti.

Hukatwa plaiwudi inayozidi tundu kwa angalau milimita 50 kila upande na kupakwa rangi pande zote. Chini ya kingo zake hubandikwa sponji gumu lisilonyonya maji, mfano wa lile la kandambili. Sponji la godoro halifai, kwani hunyonya maji na kuyashikilia.

Ubao huo huwekwa juu ya tundu kutoka nje. Ndani ya gari hupitishwa papi mbili za mbao zinazokingama tundu, kisha boliti ndefu hupenya ubao na papi na kukazwa kutoka ndani hadi sponji libanwe. Kichwa cha boliti huwekewa waya ya mpira ili maji yasipite.

Kifuniko hicho hakibandikwi kwa gundi wala hakitobolewi skrubu kwenye paa. Kinaweza kuhimili safari ndefu, na siku kipuri kitakapopatikana huondolewa kwa dakika chache bila kuacha jeraha.

Tambua plastiki kabla ya kununua gundi

Makosa mengi hutokea dukani, pale mwenye gari anapoomba gundi ya plastiki bila kujua ni plastiki ipi.

Akriliki ni ngumu na huvunjika kwa vipande vyenye kingo kali. Polikaboneti hukunjika kabla ya kupasuka, na ikigongwa hutoa sauti nzito zaidi. Faiba huonyesha nyuzi mahali ilipokatika.

Vioo vya paa vya magari madogo ya Kijapani ni jambo jingine kabisa. Hivyo kwa kawaida ni kioo kilichoimarishwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na kikipasuka hugeuka punje ndogo ndogo. Kioo cha namna hiyo hakikatwi wala hakitobolewi; yeyote atakayejaribu atabaki na punje mkononi.

Akriliki isisafishwe kwa petroli, thina, asetoni wala spiriti. Vimiminika hivyo huingia katika plastiki iliyo kwenye mkazo na kuiotesha nyufa papo hapo au baada ya siku chache. Maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Mabaki ya utepe wa kunata huondolewa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni.

Ufa mdogo

Ufa ambao haujafika ukingoni unaweza kusimamishwa. Fundi hutoboa tundu la takriban milimita 3 pale hasa unapoishia, ili mkazo uliokuwa ukiusukuma mbele usambae kuzunguka duara la tundu.

Drili iende taratibu, na kipande cha mbao kiwekwe nyuma ya kifuniko. Drili ikienda kasi huiyeyusha plastiki, na ikisukumwa kwa nguvu huongeza nyufa pale inapotokeza upande wa pili.

Baada ya hapo ufa hujazwa gundi ya akriliki, ile inayotumiwa na mafundi wa mabango. Gundi hiyo ni nyepesi kama maji, huingia yenyewe ndani ya ufa na kuyeyusha kingo zake ili zishikane. Mvuke wake ni wa hatari kwa afya, hivyo kazi ifanyike mahali pa wazi, mbali na moto na watoto.

Kwa uimara zaidi, kipande cha akriliki chenye upana wa milimita 30 hadi 40 hubandikwa juu ya ufa kwa upande wa ndani. Upande wa ndani huchaguliwa kwa sababu hauangaliani na jua wala mvua.

Gundi kali za kukauka haraka, zinazouzwa katika vichupa vidogo, hazipendekezwi. Huacha weupe, hukauka na kuwa ngumu mno, na mtikisiko wa barabara huuachanisha muungo.

Kifuniko kilichopotea kabisa

Iwapo kifuniko hakipo tena au plastiki yake imechoka, hutengenezwa kipya. Njia zipo tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni bamba la polikaboneti, ambalo huuzwa kwa kazi za mapaa na mabaraza. Ndilo imara kuliko yote yanayopitisha mwanga. Bamba la nje linalofaa lina tabaka la kukinga mionzi, mara nyingi upande mmoja tu, na upande huo huandikwa kwenye karatasi yake ya nailoni. Likigeuzwa, tabaka hilo linakuwa ndani na kifuniko hugeuka njano mapema.

Kifuniko kilichonyooka kabisa hutuamisha maji, hivyo lazima kiwe na mgongo. Bamba la milimita 3 linaweza kukunjwa bila moto, mradi nusu kipenyo cha mkunjo kisiwe chini ya mara 150 ya unene wake, yaani milimita 450. Kwa kifuniko chenye upana wa milimita 500, mgongo wa milimita 20 katikati unahitaji nusu kipenyo cha takriban milimita 1,570 tu, ambacho ni salama kabisa.

Bamba hilo hukazwa juu ya fremu ya alumini inayotengenezwa na mafundi wa madirisha. Mabamba yenye mifereji ndani yake nayo hutumika kwa kuwa huzuia joto, lakini ncha za mifereji zisipozibwa kwa utepe, vumbi na ukungu wa kijani huingia na hauondoki.

Njia ya pili ni akriliki iliyopashwa moto. Katika joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi hulainika na kuweza kupewa umbo la kuba. Kazi hiyo hufanywa na karakana za mabango zenye tanuri. Anayejaribu nyumbani kwa jiko la mkaa huishia na mapovu na madoa.

Njia ya tatu ni faiba au bati la alumini. Mwanga hupotea, lakini kifuniko hudumu. Kifuniko cha zamani, hata kikiwa kimevunjika, kinaweza kuunganishwa kwa muda, kupakwa nta na kutumika kama kalibu ya kutandazia faiba. Ufundi huo unafahamika kwa watengenezaji wa boti, na jijini Arusha kwa karakana zinazobadilisha magari ya Land Cruiser kuwa ya watalii.

Kutumia kioo cha dirisha la nyumba si busara. Kipande cha akriliki cha milimita 500 kwa 500 chenye unene wa milimita 6 kina uzito wa kilo 1.8 hivi, ilhali kioo cha kipimo hicho hicho hukaribia kilo 3.8. Licha ya uzito, kioo cha nyumba kikivunjika juu ya vichwa vya watu huwa visu.

Plastiki hutanuka kuliko chuma

Jambo linaloharibu kazi nyingi nzuri ni skrubu iliyokazwa mno.

Plastiki hizi hutanuka kwa joto kiasi cha mara 3 ya alumini na karibu mara 6 ya chuma. Kifuniko cha milimita 500 kikitoka katika ubaridi wa alfajiri na kupata joto la mchana lililozidi kwa nyuzi 40, huongezeka urefu kwa takriban milimita 1.4. Fremu ya alumini iliyo chini yake huongezeka kwa nusu milimita tu.

Tofauti hiyo hujirudia kila siku. Skrubu ikiwa imebana bila nafasi, plastiki haina pa kwenda isipokuwa kupasuka kuanzia kwenye tundu.

Kwa hiyo tundu la skrubu liwe kubwa kuliko skrubu yenyewe kwa milimita 2 hivi, waya ya mpira iwekwe chini ya kichwa chake, na ikazwe hadi mpira uanze kubanwa, si zaidi. Skrubu ziwe za chuma kisichopata kutu, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari.

Gundi ipi iende wapi

Mafundi wanaoziba mapaa ya magari hutumia aina kuu tatu za viziba-maji, na mara nyingi hutumia yoyote iliyopo mkononi. Hapo ndipo gharama huanza.

Kati ya fremu na paa inafaa zaidi butaili, utepe mzito unaonata kama lami laini. Haukauki kabisa, huvumilia mtikisiko, na fremu inaweza kung'olewa tena siku nyingine bila kuharibu paa.

Aina ya pili ni poliyurethani, ambayo mafundi wa vioo vya magari huitumia kubandika kioo cha mbele. Hushika chuma na faiba kwa nguvu kubwa na hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa kina cha takriban milimita 3 katika saa 24. Kwa sababu ya nguvu hiyo, dirisha lililobandikwa nayo haling'oki bila kukatwa. Aidha, haishiki vyema akriliki na polikaboneti bila dawa ya kutanguliza, na viyeyusho vya baadhi ya dawa hizo huweza kuipasua plastiki.

Ya tatu ni silikoni. Silikoni ya bei nafuu hutoa harufu ya siki inapokauka. Harufu hiyo ni ya asidi, na asidi hiyo hula bati na nyaya za shaba zilizo karibu. Ipo silikoni isiyo na asidi, ambayo kwenye mrija huandikwa kuwa ni ya kati, na hiyo ndiyo inayofaa kuzunguka plastiki.

Silikoni ina kasoro nyingine ambayo mwenye gari hujulishwa kwa kuchelewa: hakuna kinachoshika juu yake, si rangi, si poliyurethani, wala silikoni mpya. Paa linalopakwa silikoni juu ya silikoni kila masika linaendelea kuvuja chini ya mlima wa gundi. Tiba yake ni moja, nayo ni kukwangua yote hadi kwenye bati safi na kuanza upya.

Mpira wa ukingo, ule unaobanwa kati ya kifuniko na fremu, usigandishwe kwa gundi pande zote mbili. Unapaswa kushikwa upande mmoja tu ili dirisha lifunguke.

Tundu lisilopaswa kuzibwa

Katika bidii ya kuzuia maji na vumbi, wapo mafundi wanaoziba kila uwazi wanaouona. Kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Madirisha mengi ya paa ya magari ya kulala yana nafasi ndogo ya kudumu ya kupitisha hewa, ambayo hubaki wazi hata dirisha likifungwa. Haikusahaulika kiwandani. Huko Ulaya kipo kiwango maalumu, EN 721, kinachohusu uingizaji hewa wa usalama katika magari ya kulala.

Sababu yake ni jiko la gesi. Moto unaowaka katika chumba kisicho na hewa ya kutosha huzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Jiko la mkaa ndani ya gari ni hatari zaidi, na halipaswi kutumika humo kwa hali yoyote.

Hivyo, kifuniko kipya kitakachotengenezwa Gerezani au kwingineko lazima kirudishe uwazi ule ule uliokuwapo. Maji yanaweza kuzuiwa kwa ukingo unaoning'inia nje, na wadudu kwa wavu, lakini hewa ipite.

Kwa mabasi ya abiria lipo jambo jingine. Katika mabasi mengi kifuniko cha paa ni njia ya kutokea wakati wa dharura, gari linapolala ubavu na milango kuwa chini. Kukifunga kwa skrubu au kukichomelea bati ni kuwanyima abiria mlango wao wa mwisho. Mwenye basi anayebadilisha kifuniko hicho anapaswa kumwonyesha kazi hiyo mkaguzi wa magari wa Polisi wa Usalama Barabarani kabla ya kurudi njiani.

Wapi pa kuanzia

Kazi hii haina fundi mmoja. Ni mkusanyiko wa fani kadhaa, na bahati njema ya jiji ni kwamba fani hizo zipo umbali wa kutembea kwa miguu.

Gerezani, jirani na Kariakoo, inafahamika kwa mafundi wa bati na kuchomelea, ambao wanaweza kutengeneza fremu na bawaba. Kariakoo yenyewe ina maduka ya vifaa vya ujenzi pamoja na mafundi wa mabango wanaokata akriliki. Shauri Moyo, Ilala, ni mahali pa vipuri vilivyotumika, ambako mikono ya gesi ya kuinulia milango ya nyuma ya magari inaweza kupatikana na kutumika kushikilia kifuniko kizito. Keko kuna mafundi wa mbao kwa fremu ya ndani.

Kwa anayehitaji kipande kidogo cha chuma au plastiki kutengenezwa upya, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ni mahali pengine pa kuulizia.

Stadi hizo zina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri vilikuwa adimu. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoundwa mwaka 1974, halikuweza kukidhi mahitaji, na mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, ambayo yakaja kuitwa daladala. Masharti ya kuingiza bidhaa yalianza kulegezwa mwaka 1984.

Katika kipindi hicho gari halikusubiri kipuri. Lilitengenezwa kwa kilichopo. Ujuzi wa kupima kitu kilichovunjika na kukichonga upya ulirithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake, na ndio unaomsaidia leo msafiri aliyekwama Magogoni na kifuniko cha Ulaya kilichopasuka.

Kupima kazi kabla ya kulipa

Kazi ikikamilika isipimwe kwa macho. Gundi ikishakauka, maji yamwagwe kwa mpira wa bustani au ndoo kwa dakika 10 hadi 15, kuanzia upande wa chini wa dirisha na kupanda juu taratibu, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi.

Kuanza chini kuna maana. Maji yakimwagwa juu kwanza, yataingia popote na haitajulikana ni wapi. Ikumbukwe pia kwamba maji hutembea kati ya bati na dari, hivyo tone huweza kuonekana mita moja au zaidi kutoka kwenye tundu lenyewe. Doa jeusi kwenye dari au mbao inayobonyea kwa kidole ni dalili kwamba uvujaji ulianza zamani.

Baada ya hapo gari liendeshwe kilomita chache na kukaguliwa tena. Kamba au mnyororo mfupi wa usalama unaounganisha kifuniko na fremu kwa ndani ni nyongeza ndogo, lakini ndiyo itakayozuia kifuniko kuruka endapo kitasa kitaachia.

Kwa kuwa Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, ukaguzi wa mwezi Februari na mwezi Septemba hutosha kwa magari mengi. Gari linaloegeshwa muda mrefu lifunikwe dirisha lake kwa kitambaa kisichopitisha jua, na kabla ya kila safari dereva ahakikishe kwamba vitasa vyote vimefungwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari lenye dirisha la paa, ufa wa urefu wa kidole unaozibwa Februari kwa tundu moja la drili na gundi kidogo, ukiachwa hadi Mei utamdai dari mpya, sakafu mpya na nyaya mpya za umeme.